Kabla ya Setilaiti Nyingine, Tengenezeni Vipimamvua: Barua ya Wazi kwa Wanaopanga Bajeti ya Anga za Juu

Kwa:
Waziri wa Fedha
Waziri wa Ulinzi, ambaye Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) liko chini ya wizara yake
Kamati ya Bajeti, Bunge la Kitaifa
Nakala kwa magavana wa kaunti zenye ukame

Waheshimiwa,

Kila setilaiti ya Kenya inapotajwa kwenye taarifa ya habari, wananchi huuliza swali lile lile: watu wanalala njaa Turkana, zahanati hazina dawa, nanyi mnarusha vyuma angani? Jibu la serikali nalo halibadiliki: teknolojia, fahari ya taifa, ajira kwa vijana. Sisi tunaoandika barua hii ni wachambuzi wa picha za setilaiti, wataalamu wa hali ya hewa na mafundi wa vituo vya kupokea mawimbi. Tunaona anayeuliza ana haki ya kuuliza, na anayejibu bado hajajibu.

Tuanze na gharama, maana hapo kelele ni nyingi kuliko hesabu. Setilaiti ya Kenya ya kutazama ardhi, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, na iligharimu takriban shilingi milioni 50. Bajeti ya taifa ya mwaka wa fedha 2023/24 ilipita shilingi trilioni 3.6. Ukigawanya, unapata chini ya shilingi 14 katika kila milioni moja. Hata Marekani, inayotajwa kama mfano wa ubadhirifu wa angani, ilitengea shirika lake la anga za juu, NASA, karibu dola bilioni 25 mwaka 2024, chini ya nusu asilimia ya matumizi ya serikali yake kuu. Enzi za Apollo, mradi wa kupeleka watu mwezini, mwaka 1966, fungu hilo lilikuwa zaidi ya asilimia 4. Kwa hiyo anayedai kwamba setilaiti ndiyo iliyomlia mtoto wa Turkana chakula chake hajapiga hesabu. Lakini anayedai kwamba setilaiti itamlisha mtoto huyo hajatuonyesha njia ambayo picha itapita kutoka angani mpaka imfikie mfugaji wa Loima, Turkana. Njia hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike. Imekatika mahali pengi, na karibu pote ni huku chini.

Tuchukue ukame, kwa sababu ni kazi ambayo Kenya imeifanya vizuri kuliko nchi nyingi. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha juu miale ya infraredi iliyo karibu na mwanga huo. Setilaiti hupima miale yote miwili, tofauti yake ikagawanywa kwa jumla yake, na hapo tunapata kipimo cha ukijani kiitwacho NDVI. Peke yake namba hiyo haisemi mengi, kwani ukijani wa kawaida wa Marsabit ungekuwa janga Kericho. Ndiyo maana hulinganishwa na historia ya mahali penyewe. Tuseme pikseli fulani ya Wajir (nukta moja ya picha, yaani kipande kimoja cha ardhi), kwa mwezi huu, imewahi kushuka hadi 0.15 katika mwaka mbaya kuliko yote na kupanda hadi 0.50 katika mwaka mzuri kuliko yote. Leo inasoma 0.22. Toa 0.15 kwenye 0.22, gawanya kwa 0.35, zidisha kwa 100, unapata 20. Kipimo hicho cha pili huitwa VCI. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA) huchukua wastani wake wa miezi mitatu: kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, kati ya 10 na 20 ni ukame mkali, chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Ni kimojawapo cha vigezo vya kufungua fedha za dharura za kaunti. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 chini ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na ile ya serikali iliyoanza Turkana na Wajir mwaka 2015, zinatumia ukijani huo huo, na mfugaji hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga.

Hakuna shilingi ya Kenya iliyotengeneza vyombo vilivyobeba kazi hiyo kwa miaka mingi. Ni setilaiti za Marekani Terra na Aqua, za mwaka 1999 na 2002, zenye kihisi kiitwacho MODIS, na data yake ni bure. Sentinel-2 za Ulaya, zinazoona kipande cha ardhi cha mita 10 na kurudi juu ya shamba lile lile kila baada ya siku 5, nazo ni bure. Landsat za Marekani ni bure tangu 2008. Atakayewaambia kwamba Kenya haina picha za kutosha anawauzia kitu.

Rudini sasa kwenye ile hesabu ya Wajir. NDVI ikikosewa kwa 0.01 tu, VCI inasogea karibu pointi 3: kutoka 20 hadi 17, yaani kutoka ukame wa wastani hadi ukame mkali, au kinyume chake. Kamera ya angani hubadilika. Lenzi hupata madoa, kihisi huchoka kwa mionzi, joto hupanda na kushuka kila chombo kinapoingia kwenye kivuli cha dunia na kutoka, mara 15 hivi kwa siku. Asiyeirekebisha mara kwa mara, kwa kuilinganisha na uwanda mkavu wa ardhini ambao mng'ao wake umepimwa kwa mkono, atapata picha nzuri ya kuweka ukutani lakini namba zisizofaa kulipia mtu bima. Na hata ikirekebishwa, setilaiti mpya haina historia. Haijui mwaka mbaya kuliko yote ulikuwaje. Terra na Aqua zimezeeka, na warithi wao wenye vihisi vya VIIRS wako angani tangu 2011. Kuunganisha mfululizo wa zamani na mpya pasipo kuruka kwa namba ni kazi ya miezi mingi ya wachambuzi mahiri. Ikiharibika, kaunti moja itaonekana imepata nafuu kumbe kilichobadilika ni kamera. Kazi hiyo haipigiwi ngoma wala haihutubiwi na mgeni wa heshima, na ndiyo maana haipati fungu.

Kuna kosa lingine ambalo hakuna kamera, ya bei yoyote, itakayolirekebisha. Mathenge. Mti huu uliletwa kuzuia jangwa na sasa umefunika malisho Baringo, Turkana na Tana River, na haukauki kiangazi. Setilaiti inaona kijani. Ng'ombe anaona miiba. (Wazee wa Baringo waliwahi kumpeleka mahakamani, kama ushahidi, mbuzi aliyeharibiwa meno na maganda yake.) Pikseli iliyojaa mathenge huinua wastani wa wadi nzima, na wadi hiyo husomeka kuwa na malisho wakati mifugo inakufa. Dawa yake inajulikana. Linganisha picha za mita 10 za mwisho wa kiangazi na za katikati ya mvua. Palipobaki kijani mwezi Februari na si msitu wala kando ya mto, weka alama. Kisha peleka watu wenye GPS wakahakikishe, wadi kwa wadi, halafu ziondoe pikseli hizo kwenye hesabu. Rudia kila baada ya miaka miwili au mitatu kwa sababu mti unatambaa. Kinachokosekana ni mafuta ya gari, posho ya maafisa wa nyanjani na mchambuzi mmoja asiyeondoka kila mkataba wa mfadhili unapoisha.

Mvua nayo. Makadirio ya mvua tunayotumia sana, CHIRPS, yanaanza mwaka 1981 na kugawa ardhi katika miraba ya kilomita 5 hivi. Yanatokana na joto la kilele cha mawingu: wingu refu lina kilele baridi, na kilele baridi kwa kawaida huashiria mvua. Kwa kawaida tu. Mawingu mafupi yanayosukumwa na upepo juu ya miteremko ya Mlima Kenya au vilima vya Taita hunyesha bila kilele kuwa baridi sana, na hapo setilaiti inapunja. Mawingu membamba ya juu kabisa ni baridi kuliko yote na hayatoi tone. Hapo inazidisha. Ndiyo maana makadirio hayo husahihishwa kwa vipimamvua vya ardhini, na pasipo na kipimamvua usahihishaji unafanywa kwa kile kilicho mbali, pengine upande wa pili wa mlima.

Mtu akitembelea vituo vyetu ajionee. Kipimamvua cha kusoma kwa mkono kinatakiwa kisomwe kila siku saa tatu asubuhi na kiwe mbali na mti au ukuta, angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Miti hukua, na aliyepanga kituo miaka ya themanini hakumwachia mtu panga. Vile vya kujiendesha vina kikombe kidogo kinachopinduka kila baada ya milimita 0.2. Jani moja au kiota cha ndege kikiziba mdomo wa faneli, kituo kinatuma sifuri siku nzima huku barabara imegeuka mto, na sifuri hiyo inaingia kwenye kumbukumbu kama siku kavu. Mvua ikiwa kubwa mno kikombe hakiwahi kupinduka kwa kasi ya maji, kwa hiyo siku za mafuriko husomeka ndogo kuliko zilivyokuwa. Betri hufa mwaka wa tatu au wa nne. Paneli ya sola huibwa. Mara nyingine kila kitu ni kizima, ila laini ya simu ndani ya kituo imeishiwa salio na hakuna ofisi inayokubali kwamba ni jukumu lake kuiongezea. Waheshimiwa, mfumo unaosoma mawingu kutoka kilomita 36,000 juu ya dunia unakwama kwa sababu ya salio.

Sasa tuiangalie setilaiti ndogo ya picha, ya aina ambayo nchi zetu zinapenda kununua, bila kuidharau. Ile 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwezi Mei 2018, ilifundisha watu, na kufundisha watu ni sababu tosha. Lakini ikija kwenye kazi ya kila siku, hesabu hubadilika. Chombo kinachopita juu ya ncha za dunia, kilomita 500 na ushei juu yetu, huonekana na antena iliyo karibu na ikweta mara mbili hadi nne tu kwa siku, dakika nane hivi za maana kila mara. Antena iliyoko Svalbard, kule kaskazini kabisa, hukiona karibu kila mzunguko. Redio ya kilobiti 9.6 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwenye vyombo vidogo vya mafunzo, hushusha kama megabaiti 0.6 katika dakika hizo nane. Picha moja ya megabaiti 12 ingechukua wiki nzima kushuka. Ukiweka redio ya megabiti 2 kwa sekunde unapata megabaiti 120 kwa kila kupita, na hapo kazi inaanza kueleweka, ila sasa antena ya ardhini lazima iwe kubwa zaidi, ifuate chombo bila kutetereka, na iwe na umeme usiokatika katika dakika nane hizo hizo. Jenereta inayochukua dakika moja kuwaka imekula sehemu ya nane ya data yako.

Na kamera ya kawaida haioni kupitia mawingu. Mwezi Aprili na Mei 2024, mafuriko yalipoua watu Mai Mahiu na kufunika mitaa ya Nairobi na mashamba ya Tana, mawingu yalikuwa yametanda siku baada ya siku. Chombo cha kuona maji wakati huo ni rada, inayotuma mawimbi yake yenyewe na kupenya wingu. Ulaya ilikuwa na mbili, Sentinel-1A na 1B. Ya pili ilikufa Desemba 2021 na mrithi akafika Desemba 2024. Katikati hapo tulibaki na moja inayorudia njia ile ile kila baada ya siku 12. Mafuriko hayasubiri siku 12. Kwa hiyo kama mna hamu ya kutumia fedha juu ya mawingu, msinunue kamera nyingine ya kuona kile ambacho Sentinel-2 inakiona bure. Nunueni haki ya kuagiza picha za rada wakati wa masika kutoka kwa kampuni zinazoziuza, au changieni rada moja pamoja na Tanzania, Uganda na Rwanda. Mvua ya Ziwa Victoria haina pasipoti.

Kuhusu ndoto ya kurusha roketi kutoka pwani, tutasema machache. Ngomeni, karibu na Malindi, ina historia tukufu: kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini zilirushwa setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988, mojawapo ikiwa Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970 na kuwa ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mbingu kwa eksirei. Hoja ya leo ni kwamba ikweta inampa mrushaji mita 465 kwa sekunde za bure kutokana na mzunguko wa dunia. Ni kweli, kwa chombo kinachoelekea mashariki. Setilaiti za kutazama ardhi, ambazo ni nyingi katika soko la vyombo vidogo, hupita juu ya ncha za dunia, na roketi yao inalazimika kuifuta kasi hiyo badala ya kuitumia. Wateja wa kweli wa ikweta ni setilaiti nzito za mawasiliano, na hao tayari wana kituo cha Kourou, Guyana ya Ufaransa, nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, yenye miundombinu ya miongo mingi. Mwekezaji akija na fedha zake, mpeni sheria nzuri na kodi ya haki. Fedha za Hazina zisiende huko.

Tunajua mtu atauliza: basi kwa nini tusifunge KSA, tutumie vya bure? Hapa tunatofautiana na wakosoaji. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Mtu wa kuitambua, kuihifadhi na kuuliza ni ya nani alikuwa KSA. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaifanya nchi iliyorusha chombo iwajibike kwa hasara ya ardhini, lakini huwezi kudai bila wataalamu wa kuthibitisha. Zaidi ya hapo, bure ya wengine ina mwisho. Mwezi Januari 2025, fedha za misaada za Marekani ziliposimamishwa, FEWS NET, mfumo wa kutahadharisha njaa uliokuwepo tangu 1985, ulizimika. Zingatieni kilichozimika. Setilaiti ziliendelea kuzunguka na kupiga picha kama kawaida. Waliorudishwa nyumbani ni wachambuzi, na tovuti ikafungwa pamoja nao. Nchi zilizokuwa na watu wake wa kusoma picha hizo ziliendelea kusoma, na zilizowategemea wageni zikabaki gizani hadi mfumo uliporejea baadaye mwaka huo.

India, ambayo wengi hupenda kuitaja kwa sababu ilifika Mars mwaka 2014 kwa gharama ndogo, ilianza hivyo hivyo. Kati ya Agosti 1975 na Julai 1976 iliazima setilaiti ya Marekani, ATS-6, na kupeleka vipindi vya kilimo na afya kwenye vijiji karibu 2,400. Chombo kilikuwa cha kuazima, ila antena za vijijini, televisheni, mafundi wa kuzikarabati na vipindi vyenyewe vilikuwa vya Wahindi.

Tunachoomba ni hiki. Kwa kila shilingi moja itakayoidhinishwa kwa chombo cha angani, tatu ziidhinishwe kwa kazi ya ardhini kwa miaka mitano: vituo vya mvua pamoja na matengenezo yake, si ununuzi peke yake, ramani ya mathenge, kuunganisha mfululizo wa MODIS na VIIRS, ajira za kudumu za wachambuzi KSA, NDMA na Idara ya Hali ya Hewa, na maafisa wa kaunti wa kuipeleka taarifa kwa mfugaji kwa lugha yake, redioni au kwa simu, kabla hajaanza kuhama. Uwiano wa moja kwa tatu ni rai yetu, mnaweza kuupinga, lakini tuonyesheni wenu. Vituo vya mvua vipewe mwenye jina na fungu lake, hata kama ni la salio la laini na mtu wa kupanda ngazi kutoa kiota.

Na mkataba wowote wa setilaiti usitiwe saini kabla majibu ya maswali haya hayajaandikwa ndani yake: data ghafi ni ya nani, na Kenya itaipata bila kuomba ruhusa ya mtengenezaji? Takwimu za urekebishaji wa kamera zitakabidhiwa lini, na nani atazihakiki kila mwaka? Chombo kitapita juu ya antena yetu mara ngapi, na kitashusha megabaiti ngapi? Kipimo gani kitapimwa ambacho Sentinel na Landsat hazipimi? Ofisi gani, ya afisa mwenye cheo gani, itaifungua data asubuhi ya kwanza? Na kikifa mwaka wa nne, kama vyombo vidogo vingi vinavyokufa, mfululizo utaendelezwa na nini? Hili la mwisho ndilo tunalolisisitiza zaidi. Mtengenezaji akikosa jibu la maswali mawili kati ya hayo, arudishwe na mkataba wake.

Kwa sheria, Taarifa ya Sera ya Bajeti inapaswa kufika Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari na makadirio ya matumizi kabla ya 30 Aprili. Masika huanza Machi. Tuko tayari kufika mbele ya Kamati tukiwa na majedwali ya vituo vilivyokufa, kaunti kwa kaunti, pamoja na sababu ya kila kimoja.

Wenu katika kazi,
Wachambuzi wa picha za setilaiti, wataalamu wa hali ya hewa na mafundi wa vituo vya ardhini